Kihispania Changu cha Hillbrow

Nianze na upumbavu wenyewe: nilimwambia mama kwamba najua Kihispania.

Sikijui. Mwaka juzi, 2005, nilikuwa na maneno kama arobaini ya lugha hiyo, na thelathini kati yake huwezi kuyatamka mbele ya mtu mzima. Yote niliyaokota kwenye reggaeton. Ule ndio mwaka ambao muziki huo uliishukia Johannesburg kama mvua ya mawe. Uko kwenye teksi, uko saluni, uko kwenye simu za wanafunzi wenye wazazi wa maana, na hakuna hata mmoja anayejua unasema nini. Nikaona hapa pana kazi. Pale shuleni kwetu, Randburg, nikajitangaza mtafsiri.

Wakati wa mapumziko wananizunguka, mmoja anapiga wimbo, mimi nafumba macho kama mganga.

"Hapa anasema bibi yake kapoteza mbuzi," natangaza.

"Mbuzi? Sasa mbona wanacheza vile?"

"Wanamtafuta. Ndiyo maana wameinama."

Waliamini. Binti mmoja wa darasa la tisa alikuja kuniuliza faraghani kama yule mbuzi alipatikana.

CD zangu nilizipata kwa mjomba mmoja wa Hillbrow, mtaa tunaoishi. Si mjomba wa damu, ila huku kila mtu mzima anayesema Kiswahili ni mjomba au shangazi mpaka athibitike vinginevyo. Yeye ni Mmsumbiji wa pwani ya kaskazini, karibu na mpaka wa Tanzania, na Kiswahili chake kinapatana vizuri na cha mama. Alipokuwa mtoto serikali yao ilimpeleka Kuba, yeye na watoto wengine wengi, wakasomeshwa kwenye kisiwa kilichojaa shule na mashamba ya michungwa. Akarudi na Kihispania safi na cheti cha ufundi ambacho hakikumpa ufundi wowote wa kufanya. Ndiyo akaishia kuuza CD za kunakili kwenye meza ya kukunja, hatua chache kutoka jengo letu.

Tatizo lake mjomba alikuwa na roho ya ualimu. Huwezi kuchukua wimbo mpya kabla hujasikiliza wa zamani.

"Unamjua huyu wa juzi tu," ananiambia. "Waliomtangulia huwajui. Kaa."

"Mjomba, nimetumwa mkate."

"Mkate utangoje. Kaa."

Nakaa kwenye ndoo. Ananiwekea rekodi zinazokwaruza kama mtu anaparuza sufuria, sauti za vijana wa Panama, na anaanza.

"Hawa ni wajukuu wa Wajamaika waliokwenda kuchimba mfereji. Nyumbani bibi anasema Kiingereza cha Jamaika, mtaani watu wanasema Kihispania. Reggae ikawa inafika kutoka Jamaika, wao wanaipenda, wenzao hawaelewi neno. Wakafanyaje? Wakatafsiri. Mdundo uleule, maneno ya Kihispania. Nyimbo zao zikawa zinapigwa kwenye mabasi kabla redio haijazitaka."

Kisha anahamia Puerto Rico. Huko, anasema, vijana wa nyumba za serikali za watu maskini waliuchukua mdundo mmoja wa Kijamaika, huu wanaouita dembow, na hapo anaugonga mezani kwa vidole, tum, pa-tum, pa. Wakaukata, wakaurudia, wakapachika rap juu yake. Walirekodi chumbani kwa mtu, godoro limeegemezwa ukutani kuzuia sauti, na kanda zikapita mkono kwa mkono. Polisi wakaingia madukani wakazizoa, wakisema ni uchafu.

Akifika hapo kila mara alitupa jicho kwenye kona ya barabara. Polisi wa jiji nao walikuwa na tabia ya kuzoa.

"Na katikati yao palikuwa na mwanamke mmoja," anamalizia. "Wanaume wanaimba matusi, yeye anashika kipaza sauti, anawajibu mstari kwa mstari mpaka wanatafuta pa kuweka macho. Leo dunia nzima inacheza. Matajiri wa Marekani wanawatafuta wawashirikishe. Kila kijana wa Kilatini anayetaka kuimba mjini anaanzia kwenye huo mdundo. Na wale wa kwanza, wengine hata hawatajwi."

"Kwa hiyo walikuwa watafsiri," nikamwambia siku moja.

"Walikuwa watafsiri."

"Kama mimi."

Alinitazama juu ya miwani yake iliyofungwa waya. Habari za mbuzi zilikuwa zimemfikia.

"Epá! Wao walielewa walichokitafsiri, mwanangu."

Nilicheka. Nilikuwa nacheka sana mwaka ule.

Sasa mama. Mama ni wa Tanga. Baba ni wa huku huku. Enzi za ubaguzi alikuwa ukimbizini Morogoro, akamuoa mama, nikazaliwa mimi, na mwaka 1994 mambo yalipobadilika tukaja wote, mimi nimebebwa, mdogo wangu bado yumo tumboni. Baba anaendesha lori la mizigo mpaka mpakani na zaidi, na kuna wiki tunamwona na kuna wiki tunamsikia tu kwa simu. Mama anasuka nywele saluni. Kiswahili anacho chote. Kizulu anacho cha kununulia nyanya. Kiingereza anacho cha kuomba radhi. Mambo ya ofisini na hospitalini, mdomo wake ni mimi.

Siku moja alinikuta jikoni naosha vyombo huku naghani.

"Lugha gani hiyo?"

"Kihispania."

"Unakijua?"

Hapo ndipo. Ningesema, aa, mama, naigiza tu. Badala yake nikasema, "Chote."

Kesho yake saluni nzima ilikuwa na habari.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka kumi na mmoja na alikuwa mkimbiaji. Simaanishi alipenda kukimbia. Namaanisha ukimtuma chumvi anakwenda mbio, anarudi mbio, na anakuuliza ametumia muda gani. Mwaka ule aliumwa koo. Mama akampa tangawizi, limau na maji ya chumvi ya kusukutua, koo likapoa. Wiki tatu baadaye magoti yakavimba na homa ikampanda. Ikashuka, akaamka, akaanza kuruka kitandani. Tulidhani yameisha. Ila muuguzi wa kliniki, alipomwekea kile chombo kifuani kumsikiliza, alisikiliza, akasikiliza tena, kisha akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa.

Tukaenda Jumatano, mimi, mama na mdogo wangu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mweusi kama sisi, kutoka Kuba. Kiingereza chake kilikuwa kizito kama godoro lililonyeshewa, lakini kinaeleweka, haki ya Mungu kinaeleweka. Alianza kusema moyo wa mtoto una tatizo. Mama akanigusa bega.

"Mwambie kwa lugha yake."

"Mama, Kiingereza kinatosha."

"Kiingereza si chake na si changu. Mtu akisema lugha ya watu anafupisha. Mimi nafupisha kila siku, najua. Nataka huyu aseme yote."

Kisha, kabla sijapata uongo wa kujinasua, akaninyooshea kidole na kumwambia daktari kwa Kiingereza chake cha kuhesabika: mwanangu, Kihispania!

"Hola, doctora," nikasema. Ningesema nini?

Daktari alivyofurahi, utafikiri nimempa barua kutoka kwao. Akaniuliza kitu. Nikabahatisha: "Música." Akacheka, akagonga meza kwa kalamu, tum, pa-tum, pa, uleule mdundo. Halafu akafunguka. Alisema dakika tatu, pengine nne, bila kituo. Anaonyesha koo, anaonyesha magoti, anachora duara hewani, anatikisa kidole. Mimi nasema, "Sí. Sí." Neno lililokuwa likinifikia ni moja, corazón, moyo. Hilo ninalo. Kwenye nyimbo moyo huwaka, huibiwa, huvunjika vipande vipande. Hakuna wimbo hata mmoja ulionifundisha la kufanya ukiumwa.

Mama akaegemea mbele. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Muulize. Ni kwa sababu nilichelewa? Lile koo. Ningemleta siku ileile, isingefika huku?"

Sikujua neno la kuchelewa. Sikujua hata neno la koo. Nikamwonyesha mama kwa mkono, nikasema, "Mamá... corazón..." nikaishia hapo kama gari lililoishiwa mafuta. Daktari akamgeukia mama, akamtazama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema sentensi moja ndefu, taratibu, neno baada ya neno.

"Kasemaje?" mama akaniuliza bila kumwondolea daktari macho.

"Anasema pole."

Mama akatikisa kichwa, akatazama chini.

Mwisho daktari akavuta karatasi, akaandika kuanzia juu mpaka chini, kwa Kihispania, akaikunja, akaniwekea kiganjani na kunifumba vidole. Kama vile mimi ni mtu.

Tulipofika koridoni mama akasimama. "Haya. Nieleze."

Ningeweza kusema pale. Mlango wa daktari ulikuwa hatua sita nyuma yetu. Nilizihesabu.

"Moyo umechoka kidogo," nikasema. "Ale vizuri, anywe vidonge alivyoandikiwa, turudi mwezi ujao."

"Maneno yote yale, ndiyo hayo tu?"

"Kihispania ni kirefu, mama."

Mdogo wangu alikuwa amenikazia macho. "Na Jumamosi je? Kasema nikimbie?"

Jumamosi yalikuwa mashindano ya shule za msingi, Randburg, karibu na shule yangu. Mita mia nane. Tangu mwaka uanze hakuwa na hadithi nyingine. Alisimama pale amekamata mkoba kwa mikono miwili, na mama naye ananingoja, na mimi nikafanya nilichozoea kufanya shuleni: nikampa msikilizaji anachotaka.

"Kasema kimbia."

Akarukaruka koridoni mpaka mlinzi akamkemea.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Sikujua kama nimesema uongo mdogo au nimemuua mdogo wangu, na hicho ndicho kilichokuwa kinanitesa, kwamba sikujua ni kipi. Niliifungua ile karatasi chooni. Nikatambua maneno matatu: mamá, corazón, na no. Hilo no lilikuwa limepigwa mistari miwili chini yake.

Alhamisi, nikitoka shule, nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Meza haipo. Palibaki ndoo tu. Mama anayeuza pipi na sigara pembeni aliniambia kwa Kizulu kwamba polisi wa jiji walipita asubuhi na kuzoa karibu CD zote kwenye mifuko ya plastiki, na mjomba alikimbilia upande wa kule na meza yake.

"Atarudi lini?"

"Huku? Si wiki hii. Jumamosi hutandika Newtown, kule sokoni. Kamwangalie."

Jumamosi. Ijumaa nikaenda maktaba ya shule, wana kamusi ya Kifaransa na ya Kijerumani. Nikaenda duka la intaneti nikijaribu kuingiza maneno kwenye kompyuta, lakini ule ulikuwa mwandiko wa daktari. Sikuweza kujua ipi ni a na ipi ni o, na kila nilichobahatisha kompyuta ilinirudishia vilevile nilivyokiandika.

Nikajaribu kwa mdogo wangu. "Sikiliza. Kesho jifanye tumbo linauma."

"Jifanye wewe."

"Nakuambia kwa wema."

"Una wivu kwa sababu wewe hujawahi kushinda kitu chochote."

Nikajaribu kwa mama. Alikuwa anapiga pasi fulana ya mashindano, namba ya mgongoni ameishona kwa mkono.

"Mama, yule daktari..."

"Ehe?"

"Yule daktari..." Akainua uso. Alikuwa na furaha. Tangu siku ile magoti yalipovimba sikuwa nimemwona na furaha. "Alisema una sura nzuri."

"Ondoka hapa," mama akasema, akicheka.

Jumamosi mbio za mita mia nane zilipangwa saa tano asubuhi. Nilimwambia mama watangulie, nitawakuta. Saa tatu nilikuwa Newtown. Wauzaji wa vinyago wanapanga vinyago, wauzaji wa shanga wanapanga shanga, mjomba hayupo. Saa tatu na nusu, hayupo. Nilizunguka lile soko mpaka mlinzi akaanza kunifuata. Saa nne kasoro dakika chache nikamwona anavuka barabara ameibeba meza kichwani, na begi moja dogo, mali yote iliyonusurika.

Nilimkimbilia. Hata salamu sikutoa.

"Mjomba, nisomee hii."

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo. Nisomee."

"Marahaba. Mbona nimsomee mtafsiri wa Randburg? Kwani si bingwa..."

"Mjomba, sikijui! Sijui Kihispania. Nilimdanganya mama, nikamdanganya daktari. Mdogo wangu anakimbia saa tano na sijui hapo wameandika nini."

Aliteremsha meza. Muuzaji wa jirani alikuwa amefungulia muziki, na mjomba, ambaye sijawahi kumwona akinyamazisha muziki, akamwambia, "Zima kidogo, ndugu yangu." Akavaa miwani. Alisoma yote kimya kwanza. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Una kalamu?"

Ninayo. Akachomoa karatasi ya ganda la CD, upande wa nyuma ni mweupe, na akanisomea kwa Kiswahili, mimi naandika. Mstari wa kwanza haukusomeka, akaniambia niuanze upya.

Daktari alikuwa ameandika hivi. Kijana wangu, kwa kuwa wewe ndiwe mdomo wa mama yako, nakuachia haya ili usisahau. Ugonjwa wa koo umeujeruhi moyo wa mdogo wako. Kuna kilango ndani yake hakifungi sawasawa. Asikimbie, asiruke, asicheze mchezo wowote mpaka nimpige picha ya moyo Jumatatu. Sindano ya kwanza achomwe kliniki kabla ya Ijumaa, na kila baada ya wiki nne, hata akijisikia mzima. Akikosa pumzi au miguu ikivimba, mlete hapohapo. Na mwambie mama yako maneno niliyomwambia: si kosa lake. Koo la namna hii hata daktari humpita. Hakuniuliza kwa mdomo, lakini niliona.

Mjomba akavua miwani. Nilingoja anitukane. Hakunitukana.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

Saa nne na robo. Tulimpigia mama kwa simu ya mjomba. Ikaita mpaka ikakata. Tena. Tena. Baadaye nilijua ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya chupa za maji na sanduku la maandazi. Mjomba akanitia nauli mfukoni na kunisukuma.

Teksi ya Randburg, ambayo Tanga wangeiita daladala, haiondoki mpaka ijae. Walikuwa wamebaki watu watatu. Niliwahi kusema hivi shuleni kama mzaha, kwamba dereva wa teksi hata nyumba iungue anangoja wa kumi na tano. Nilikaa pale naangalia mlango. Akaja mama mwenye mtoto. Dakika nne. Akaja kijana. Dakika sita. Nikamwambia dereva kwa Kizulu, kaka, nakusihi, twende, mdogo wangu yuko hatarini. Akanitazama kwenye kioo.

"Hatari gani?"

"Anakimbia mbio."

Teksi nzima ikacheka. Ndiyo sifa niliyojijengea maishani, hata watu wasionijua hawaniamini. Mtu wa kumi na tano akaingia na tukaondoka, na kila taa ya barabarani, robot kama tunavyoziita huku, ilikuwa nyekundu.

Niliteremka saa tano na dakika mbili na kuanza kukimbia. Kabla sijauona uwanja niliusikia. Spika kubwa, sauti ya mtangazaji, na chini yake, sikutaka kuamini, dembow. Tum, pa-tum, pa. Walikuwa wanawapigia watoto wa shule za msingi wa Randburg muziki ambao zamani ulisakwa na polisi, na walimu wanatikisa vichwa. Wenzangu wa darasani walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa uwanja.

"Mtafsiri!" wakapiga kelele. "Mtafsiri, njoo! Hii anasemaje?"

Kisha bastola ya kuanzishia ikalia.

Nilipopenya kati ya watu wasichana wanane walikuwa wameshaingia kona ya kwanza, na wa mbele ni mdogo wangu. Niliruka kamba nikaingia uwanjani na viatu vyangu vya shule. Nilimwita. Akageuka, akaniona namfuata, akadhani nimekuja kumfanyia vituko vyangu mbele ya watu, akaongeza mwendo. Hapo nikajua kitu ambacho kaka hatakiwi kukijua: siwezi kumkamata mdogo wangu. Nilikimbia kwa nguvu zote na mgongo wake ukazidi kuwa mdogo.

Watu wanacheka. Mwalimu wa michezo anapuliza filimbi. Nikaacha njia, nikakata katikati ya nyasi kumwahi upande wa pili, nikafika konani yeye anakuja, macho mbele, midomo imekuwa na rangi nisiyoijua. Nilifungua mikono. Alijaribu kunikwepa. Nikamdaka kiunoni, tukaanguka wote.

Alinipiga makofi. Alinipiga hasa. "Nilikuwa nashinda! Nilikuwa nashinda!" Halafu makofi yakapungua, akawa anatafuta pumzi, na haikuja kama inavyokuja kwa mkimbiaji. Inakuja kidogo, inakwama. Nilimwekea kiganja kifuani. Sitaki kueleza nilichokisikia pale. Nilimwambia, "Kaa. Usiseme. Kaa tu." Yule msichana wa pili alitupita, wa tatu akatupita.

Mama alikuja akivuka uwanja, kanga imemdondoka begani, mkoba mkononi. Mwalimu anamfokea kwa Kiingereza, anampita. Akapiga magoti.

"Nini?"

"Haruhusiwi kukimbia. Daktari alikataza."

"Daktari alisema akimbie."

"Mimi ndiye niliyesema akimbie."

Nikamweleza. Sentensi nne hazikuzidi. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nafupisha. Kwamba sijui Kihispania. Kwamba sikuelewa neno. Kwamba nilijaza mwenyewe. Mama alinisikiliza mkono wake ukiwa mgongoni kwa mdogo wangu, anaupapasa. Hakunipiga. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kabisa ili iwe rahisi, na hakunipiga. Alimwinua mtoto, akamweka begani, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akaanza kutembea kuelekea barabarani. Nikamfuata na mkoba. Pale ukutani hakuna aliyeniita mtafsiri.

Hospitali ya Jumamosi haina yule daktari wa Kuba. Ina foleni. Nilikwenda dirishani, nikasema kwa Kizulu, nikasema kwa Kiingereza, nikaweka karatasi zote mbili mbele ya muuguzi, nikaisoma ile ya Kiswahili na kumtafsiria mstari kwa mstari. Akaniuliza kama nina uhakika na hiki nilichoandika. Nikasema hiki kimesomwa na mtu anayejua. Akamchukua mdogo wangu ndani bila foleni, mama akaingia naye, na mimi nikabaki nje kwenye benchi kwa muda ambao saa ya ukutani inadai ulikuwa dakika hamsini.

Walipotoka, pumzi ya mdogo wangu ilikuwa imetulia. Alikuwa amechomwa ile sindano iliyopaswa kuchomwa kabla ya Ijumaa, na anachechemea kwa makusudi ili nione. Daktari wa zamu alitaka abaki pale mpaka jioni wamwangalie. Leo bado anachomwa kila wiki nne, na tarehe zake nazijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Ameacha kukimbia. Amejiunga na wanaopima muda, ana saa shingoni na filimbi, na ni mkali kuliko mwalimu.

Lakini siku ile alijilaza kwenye benchi, kichwa kwenye mapaja ya mama, akasinzia. Mimi nilikaa upande wa pili. Mama hakuwa amenisemesha tangu uwanjani. Si teksini, si dirishani. Wagonjwa wanaitwa, wanaingia, wanatoka. Nilikuwa nimeshapanga majibu ya kila tusi. Nikaona mkono wake unakuja na nikafumba macho, kumbe ananipa ile karatasi ya ganda la CD yenye mwandiko wangu. Alikuwa ameshanisikia nikiisoma yote mara moja, pale dirishani. Akasema:

"Soma tena pale daktari aliposema si kosa langu. Taratibu. Na usiongeze neno lako hata moja."